Nusu ya Kilio

Nyumbani kwa Mukashyaka, kule Nyamyumba, mabinti pacha walilelewa kwa sheria moja: linalompata mmoja, limpate na mwenzake. Béata akidungwa sindano ya chanjo, mama alimfinya Diane papo hapo, walie wote wawili. Majirani walimcheka. Yeye alisema pacha akiachwa alie peke yake, siku moja atakuja kudai nusu iliyobaki. Wakacheka zaidi.

Diane alikufa ziwani wakati wa mvua, mashua ilipopinduka akienda kununua sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa kuuza. Walipomwosha ndipo wakaona kwenye kifundo cha mkono samaki mdogo wa tatuu, aliyemficha chini ya sweta. Ndicho kitu pekee alichowahi kufanya bila pacha wake.

Tangu hapo hakumwacha Béata apumue. Marehemu wenye adabu huja ndotoni. Diane alikuja mchana kweupe. Béata akianika sambaza, humwona upande wa pili wa chanja, nguo zikichuruzika maji, amenyoosha mkono wenye yule samaki. Anangoja. Juzi Béata alizinduka amesimama ziwani, maji yamemfika kifuani, beseni lake bado liko kichwani. Hakukumbuka kuingia. Aliogopa kufa, akamwambia mama yake waziwazi, "Mama, Diane atanibeba."

Mukashyaka hakuuliza mara mbili. "Anataka mukuwe sawa. Bon, tutakuchoresha ile samaki, atapumuzika."

Fundi aliitwa Sano, na chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni, karibu na Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma. Kazi aliiokota Goma, na maneno mengi pia. Lakini alipouona uso wa Béata mlangoni, alirudi nyuma hadi ukutani, maana ndiye aliyemchora Diane, na habari za msiba alikuwa amezisikia.

"Mi ni pacha yake," Béata akamtuliza. "Unichore ile ile."

"Na umupake dawa ya ganzi," mama akadakia. "Mingi. Huyu mutoto amelia ya kutosha."

Hapo Mukashyaka alikosea, na kosa lenyewe lilikuwa huruma tupu. Sano akapaka krimu nyeupe, nzito, akaizungushia plastiki nyembamba, wakangoja. Béata alikaa kwenye kiti, mama kwenye benchi kando yake, na upande wa pili wa mama palibaki nafasi ya mtu mmoja. Ngozi ikapoa, ikafa ganzi, mpaka Béata akautazama mkono wake kama wa mgeni. Sano akafungua plastiki, akafuta krimu, akabonyeza kwa ukucha.

"Unasikia?"

"Hapana."

Mashine ikaanza kunguruma. Mkia wa samaki ukatokea, kisha tumbo, na Béata hakukunja hata uso. Mama akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Béata naye alikuwa karibu kutabasamu alipoinua macho akamwona Diane mlangoni, analowesha sakafu. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Amekuja," Béata akanong'ona.

Sano akazima mashine, akatazama mlango. "Nani?"

"Diane. Hajatosheka."

Fundi akaiweka mashine chini. "Ile siku, ye alikataa hii dawa. Nilimubembeleza, akakataa kabisa. Alilia sana! Akasema, acha nilie, Béata naye atakuja kulia yake. Eti ni sheria ya kwao."

Mukashyaka akashika kichwa. Sheria aliitunga mwenyewe, na kwa mkono wake mwenyewe alikuwa ameivunja. "Yesu wangu! Ni mimi nimemunyima."

"Donc tungojee ganzi iishe," Béata akasema. "Nitalia, mama."

Wakangoja. Diane akaingia polepole, akakaa kwenye ile nafasi ya benchi, upande wa pili wa mama yao. Béata alimwona vizuri, hata magugu ya ziwani yaliyokwama kwenye nywele. Hakumwambia mama. Angemwambiaje?

Ngozi ikaanza kuwasha, kisha kuuma. Sano akarudisha sindano, akaanza kichwa cha samaki.

"Yebaba we!" Béata akapiga kelele, machozi yakamruka. Na Mukashyaka, bila kufikiri, kama alivyofanya miaka yote pale zahanati, akanyoosha mkono upande wa pili, akafinya.

Alipaswa kufinya hewa. Vidole vyake vilishika nyama, baridi. Akaganda hivyo, mdomo wazi, hadi Sano alipomaliza jicho la samaki na kuzima mashine.

Béata akafuta macho. Kwenye benchi hapakuwa na mtu tena, ila ubao ulikuwa umelowa.

Walipotoka nje, akauliza, "Mama, Diane alilia?"

Mukashyaka alikuwa akivitazama vidole vyake viwili, vilivyolowa maji. "Alilia. Kama wewe. Sasa iko sawa." Kisha akakaa kwenye ngazi ya saluni, akamlilia Diane kwa sauti, watu wa mpakani wakimpita.

Béata akakaa kando yake. Akaubonyeza mkono wake wenye kidonda cha tatuu kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka machozi yakatoka tena, mama yake asilie peke yake.