Ukoko wa Mama Tening

Daktari wa mjini Kaolack alimwambia Ndella wazi: mumewe ale wali viganja viwili tu kwa mlo, na ale kwenye sahani yake peke yake. Kidonda kilichokuwa chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto kisingepona sukari isiposhuka. Kisipopona, mguu ungekatwa.

La viganja lilikuwa jepesi. Sahani ndiyo iliyowashinda. Mbagnick alikuwa seremala, mtu wa watu, na tangu azaliwe hakuwahi kula ila kwenye sinia pamoja na wenzake. Sasa aliketi pembeni na kisahani chake huku mkewe na mama yake wakila pamoja. Sukari ilishuka, ni kweli, lakini na yeye alinyong'onyea nayo.

"Mama Siga, nina ukoma?" alimwuliza mkewe siku moja.

"Una kisukari, baba."

"Basi mbona mmenitenga? Hata mbuzi wako wanakula pamoja."

Mama yake, bibi kizee Tening, ambaye macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, akaangua kilio palepale. Ndella hakuweza kuvumilia. Akabuni njia ya katikati. Kwenye sinia kila mtu hula mbele yake tu, na aliyepika ndiye anayemega samaki na mboga na kumsogezea kila mmoja fungu lake. Basi akamrudisha mumewe. Upande wake aliujaza kabichi, biringanya na mnofu wa chewa, wali viganja viwili, bila kuzidi hata punje. Alihakikisha mumewe ameanza kula hivyo, ndipo yeye anyanyuke kwenda kuleta maji ya kunawa.

Mbagnick alirudi kucheka. Sukari nayo ikarudi kupanda.

Ndella alipima asubuhi, akapima jioni, akatoka jasho. Wali anaupanga yeye mwenyewe, sasa hii sukari inatoka wapi? Akaamua ni ile chai ya karakanani, inayochemshwa mara tatu na kutiwa sukari mpaka kijiko kinasimama. Alikwenda huko mchana kweupe, akakamata birika na kuimwaga mchangani mbele ya mafundi.

"Mwongo mkubwa wewe! Mimi nahangaika na mguu wako, wewe unaendekeza ulimi!"

"Sijaionja, Ndella. Wallahi."

"Kwa hiyo sukari inakuingia kwa upepo?"

Mafundi waliinamisha vichwa. Mbagnick alifungua kinywa, kisha akakifunga. Tangu siku hiyo hakujitetea tena, na Ndella aliuchukua ukimya ule kuwa ndiyo hatia yenyewe. Siku nyingine alimnunia kutwa nzima.

Hospitalini wakakata kidole. Mvua zilipoanza wakakata mguu. Homa ikaja juu ya jeraha, na siku ya tano Mbagnick akafariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, bila neno moja la kumlaumu mtu.

Arobaini ikapita, wageni wakaondoka, binti yao Siga akarudi kwa mumewe Dakar. Wakabaki wajane wawili na sinia moja. Ndella alimega samaki, akanyanyuka kufuata maji kama kawaida. Mlangoni akakumbuka kopo, akageuka.

Mama Tening alikuwa amechota ukoko, ule mnono ulioshika mafuta chini ya sufuria iliyokuwa kando yake. Alipapasa upande wake wa kulia, akauchimbia chini ya kabichi.

"Kula upesi," alinong'ona. "Kabla hajarudi."

Mkono ukasubiri pale. Haukukutana na mkono mwingine. Ndipo bibi kizee alipokumbuka, uso ukamkunjamana.

"Mama," Ndella alisema. "Ulikuwa unampa kila siku?"

"Kidogo tu, mwanangu. Anasema, mama, nimekatazwa. Namwambia, utaukataa mkono wangu? Anakula. Hakunikatalia hata siku moja." Akapangusa pua kwa ncha ya kitambaa. "Sikulaumu, ulikuwa unafuata ya daktari. Mimi nashukuru tu kwamba hakufa na njaa."

Neno lilimjia Ndella mpaka kwenye meno. Alimchukia mwanamke yule. Kisha akaiona birika ikimwagika mchangani, na kinywa cha Mbagnick kikifunguka na kufungwa, akajua mumewe alikuwa akimficha nani, na nani alitukanwa bure. Alimwomba radhi moyoni, na radhi ile haikuwa na wa kuipokea.

Akaketi mahali pa mumewe. Akaufukua ule ukoko, akautia kinywani.

Mama Tening aliinua kichwa. "Nani anakula hapo?"

"Ni mimi, mama."

"Kula, mwanangu, umekonda," alisema bibi kizee, akachota mwingine na kumsogezea.