Kiti cha Dirishani

Asubuhi hiyo kiti cha dirishani kilikuwa na wenyewe wawili. Babu mmoja wa kofia ya sufu alikuwa amekwisha kaa, mkono ameulaza juu ya kimto. Mbele yake alisimama mama mkwe wa fundi wa programu, mkoba kifuani, simu mkononi. Wote wawili walikuwa na ujumbe uleule wa hospitali ukiwapa kiti hicho, na viti vingine vyenye mashine za kusafisha damu vilikuwa vimejaa.

"Inuka taratibu, mzee, usijikwae," mama mkwe akasema.

"Niinuke niende wapi? Ngoja nife, utakikuta bado cha moto."

Muuguzi alicheka, kisha akampigia simu fundi, aliyekuwa chumba cha kompyuta ghorofa ya chini. Fundi akapanda mbio. Mfumo wa kugawa viti aliutengeneza yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kompyuta yako imeniozesha kwa mzee huyu."

"Mimi sijakubali," babu akadakia.

Fundi hakucheka. Miguu ya mama mkwe wake ilikuwa imevimba hata viatu kaviacha bila kufunga. Akikosa kiti leo, angengoja mpaka keshokutwa.

Akateremka kutafuta kosa. Ili majibu yatoke upesi, habari za viti zilikaa kwenye kumbukumbu za kompyuta tatu zilizofanya kazi kama moja, na ndani ya kila moja zilikimbia nyuzi nyingi za kazi kwa pamoja, kama wapishi wengi katika jiko moja. Uzi ukitaka kugawa kiti, hufungua muamala: hukifunga kiti kwa kufuli, huangalia kama ki wazi, huandika jina, ndipo hufungua kufuli. Yafanyike yote au lisifanyike hata moja. Lakini wiki hiyo fundi, kwa kutaka kasi, alikuwa ameupa uzi mwingine ile kazi ya kuandika jina. Uzi huo haukuwamo ndani ya muamala. Uzi wa kwanza ulifungua kufuli ukidhani mambo yamekwisha, kumbe jina halijaandikwa. Kompyuta ya pili ikapita, ikakuta kiti kitupu, ikakigawa tena.

Akairudisha kazi yote kwenye uzi mmoja, mwanzo hadi mwisho. Uzi utakaokuta kufuli ungoje, kisha uangalie upya. Akayarusha maombi ya uongo rundo zima kwa kiti kimoja. Moja likapata, mengine yakajibiwa: kimejaa.

Likabaki la nani akae. Ombi la babu ndilo lililotangulia kuingia. Kulibadilisha ilikuwa kubonyeza mara moja tu, na nani angejua? Fundi aliitazama ile kibodi kitambo, akainuka, akapanda tena juu.

"Babu ndiye wa kwanza, mama."

Mama mkwe akamkazia macho. "Mwanangu kaniolea hakimu!"

"Kuna mgonjwa kasafiri, kiti cha mlangoni kitakuwa wazi mchana. Omba sasa hivi, kama wengine wanavyoomba."

"Na wakiniwahi?"

"Watakuwa wamekuwahi."

Mama mkwe akabonyeza, akisonya. Jibu likachelewa kidogo kuliko siku zote. Fundi alisimama nyuma yake, mikono kakunja kwapani. Simu ikalia.

"Haya, nimepata," mama mkwe akasema, akajitupa kwenye benchi. "Kaa nawe hapa. Sitangoja peke yangu."

Mchana muuguzi alipomwita mwenye kiti cha mlangoni, aliinuka mtu mmoja tu.