Siku Mia za Lambo

Kahaso alivunja kokoto kwenye timbo la Gerishom kwa miaka kumi na mmoja. Katika mwaka wa saba kipande cha jiwe kilimtoboa jicho la kulia. Mwaka wa tisa ukuta wa timbo ulimporomokea mumewe, Ngumbao, akiwa chini anakata matofali. Gerishom alileta gunia la unga matangani, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Wiki iliyofuata Kahaso alirudi kazini kulekule, maana huku ndani ya Gede, mvua ikigoma, hapakuwa na pengine pa kwenda.

Kisha ukaja mpango wa serikali wa siku mia. Kila nyumba iliyotaka kazi ilipewa, siku mia kwa mwaka, kwa ujira ambao timbo halikuwahi kutoa. Hapakuwa na kujuana wala kubembelezana. Karani mmoja, Thuku, alikuja kutoka Malindi, akaandika watu arobaini, akawaonyesha bonde la kuchimba lambo la maji, akawaambia wajichagulie msimamizi. Walimchagua Kahaso.

Mwezi haukuisha, timbo likabaki na watu watano. Gerishom akaja lamboni mwenyewe.

"Hujambo, mama Kahaso?"

"Sijambo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nina malori yanangoja mawe. Niachie watu ishirini tu."

"Si watu wangu, mzee. Waulize wenyewe. Ukiwaongezea ujira, watakuja."

Gerishom aliwatazama wachimbaji, kisha akamtazama yeye. "Serikali itachoka na nyinyi. Mimi sitachoka. Hawa watu utawaumiza bure."

"Nani atakayewaumiza?"

Gerishom aliingia garini, akaenda zake.

Jumanne, jua likiwa limeshaanza kuchoma, wanaume wanane walishuka kutoka kichakani, nyuso wamezifunga kwa leso, mikononi mapanga na marungu. Hawakupiga kelele. Wa kwanza alimfikia mzee Kitsao akiwa ameinama anakunywa maji, akampiga rungu la kisogo. Mzee alianguka kifudifudi juu ya ndoo na hakuinuka. Kadii, aliyekuwa karibu naye, aliinua mkono kukinga kichwa. Panga lilishuka. Kahaso aliviona vidole vitatu vya mwenzake vikidondokea kwenye karai la udongo, akasikia Kadii akivuta pumzi kabla hajapiga ukemi.

"Rudini timboni!" alinguruma yule mwenye panga. "Rudini timboni, ama tutawafukia humu humu!"

Sauti ile Kahaso aliijua. Ilikuwa ya Tsuma, ndugu yake wa mwisho, mlinzi wa timbo, ambaye Kahaso alimbeba mgongoni tangu siku mama yao alipokufa.

Hakumwita jina. Aliinua jembe kwa mikono miwili akamkata nalo muundi wa mguu kwa nguvu zote. Mfupa ulivunjika kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya bonde. Tsuma alianguka ubavu, leso ikamtoka usoni.

Wenzake walisita. Walimwona kiongozi wao chini, wakaona majembe yanainuka kila upande, wakatimua mbio. Mmoja alipigwa jiwe la mgongo akaanguka, akainuka, akatokomea.

Basi hasira yote ikabaki kwa Tsuma. Jiwe la kwanza lilimpasua mdomo. La pili lilimpata kifuani. Lewis, mume wa Kadii, aliliokota panga la Tsuma, lenye damu ya mkewe, akaja nalo.

Kahaso alijitupa juu ya ndugu yake. Jiwe lilimpiga begani, jingine likamchana sikio.

"Toka, Kahaso! Toka tummalize!"

"Ukimuua huyu, Lewis, nani atasema katumwa na nani?"

Hata yeye hakujua kama alikuwa akiokoa shahidi au mtoto aliyemlea. Aliinuka nusu, damu ikimtiririka shingoni, akaukamata mguu uliovunjika, akaubana.

"Sema."

"Dada, naumia! Dada!"

"Sema wasikie wote."

Tsuma alipiga mayowe mpaka sauti ikakatika. "Gerishom. Gerishom ndiye aliyetutuma."

Lewis alilitupa panga, akaenda kumfunga mkewe mkono.

Mzee Kitsao alifia hospitalini siku ya tatu. Aliyempiga rungu alikamatwa Mombasa, na Gerishom alichukuliwa nyumbani kwake akiwa anakula. Tsuma alitoa ushahidi dhidi yao mahakamani, akafungwa kwa muda mfupi kwa kosa lake mwenyewe. Wale wawili hawajatoka gerezani mpaka leo. Lambo lilisimama wiki tatu. Siku lilipofunguliwa, mjane wa Kitsao alifika wa kwanza na jembe la marehemu, akashuka bondeni.

Mwaka wa pili wa mpango, Tsuma alikuja na mkongojo. Alikuwa amekonda, mashati mawili ameyavaa pamoja kwa kuwa yote yalikuwa yamechanika.

"Dada, wanangu hawajala tangu juzi. Niandikishe."

Kadii aliacha kuchimba. "Huyu akiingia, mimi natoka."

Kahaso alimgeukia karani. Thuku alikuna shingo. "Sheria inasema kila nyumba. Haina mahali pa kumkataa mtu."

"Sheria haikukatwa vidole," Kadii akasema.

Watu wote wakamtazama msimamizi wao. Kahaso alitaka sana kusema hapana. Alikuwa bado anaota sauti ya ule mfupa.

"Kadii, mwenzangu," alisema mwishowe, "Gerishom ndiye aliyekuwa akichagua nani ale na nani alale njaa. Mimi siwezi kuwa Gerishom. Nisamehe."

Kadii alitema mate chini. Alilibeba jembe lake, akalishika kwa ule mkono wenye vidole viwili, akaenda kuchimba ukingo wa mbali kabisa, na Lewis akamfuata.

Tsuma hakuambiwa pole wala karibu. Kahaso alimwonyesha pa kukaa, akamwekea karai mbele yake, naye akaanza kulijaza udongo kwa mikono.