Faili Linatumika na Mtu Mwingine

Salha alikuwa akibadilisha kioo cha simu dukani kwake, jirani na stendi ya Same, Mama Hedwiga alipoingia na kufungua fundo la kanga. Ndani mlikuwa na memori kadi ya marehemu mumewe.

"Humu Eliezeri anasema shamba la tangawizi ni langu," alisema. "Alijirekodi akiwa hospitali. Kesho ukoo unamaliza matanga kule Bombo, na shemeji Sadock analitaka."

Salha aliichomeka. Kompyuta ikasema kadi haisomeki, ifomatiwe kwanza. Akabonyeza hapana, kwa sababu fundi anayefomati kadi ya mjane hafai hata kuuza vocha. Akaisugua meno kwa ufutio, akabadilisha kadi rida, akajaribu tena. Sasa video ilionekana, moja tu, lakini ukubwa wake ulizidi kila alipoitazama. Alipoibofya, ukatokea ujumbe: Faili hili linatumika na mtu mwingine.

"Mama, nani mwingine anaitumia?"

"Labda mwenyewe."

"Si mlishamzika?"

"Baada ya Pasaka."

"Basi hajamaliza kusema," alisema Salha. Kadi ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo akaleta eksteno, diski ya nje anayohifadhia video za harusi, akaanza kunakili.

Kazi ilienda kwa kujikongoja. Eksteno ikapata moto na kutoa harufu ya tangawizi mbichi. Salha alimwonya mama asiguse waya mpaka kompyuta itoe ruhusa. Lakini Hedwiga ni mkulima wa tangawizi, na mkulima wa tangawizi akiona kitu kimegoma kutoka, hukishika shingo akakivuta. Aliuvuta waya. Eliezeri akamwagika kwenye benchi la wateja, amevaa suti aliyozikwa nayo. Kuanzia magotini kwenda chini hakuwepo; sehemu hiyo ilikuwa haijanakiliwa.

"Shikamoo," alisema Salha.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa usumbufu."

Hedwiga alimfuta udongo usoni, akamwambia amekonda. Wakapanda lori lililokuwa limeshusha tangawizi na sasa linarudi milimani tupu. Salha naye alipanda, maana kazi aliiacha nusu na roho ilimsuta.

Kesho yake ukoo ulikaa uani, dengelua, pombe ya miwa, imeshamiminwa. Wazee walimsalimu Eliezeri mmoja mmoja, wakamtafutia mto wa kuegemea. Salha aliletewa soda, kwa kuwa ni Mwislamu. Eliezeri akasema, na kila mtu akasikia: shamba la juu ya mfereji ni la Hedwiga na binti zake, asiliguse mtu. Hakuna aliyebisha.

Sadock alisimama, akakohoa. "Mdogo wangu, karibu sana nyumbani. Sasa tuambie ukweli. Umekufa au hujafa?"

"Nimekufa, kaka."

"Basi maneno yako tumeyasikia, ila hatuwezi kuyapokea. Kikao cha ukoo ni cha walio hai. Na ungesema u hai, shemeji asingekuwa mjane. Angerithi nini?"

Wazee wakasema Sadock amenena. Salha akainuka kusema kwamba huo ni wizi wa mchana kweupe, na akausema. Walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakamkumbusha kwa upole kwamba yeye ni mgeni, wakamshukuru kwa ufundi wake na kumfungashia ndizi. Hedwiga hakulia. Alimuuliza mumewe kama anasikia baridi.

Mvua za vuli ziliponyesha, tangawizi iliyokuwa ardhini ilikuwa ya Sadock. Hedwiga hulima humo kama kibarua, kwa sababu hakuna anayeujua udongo ule kumzidi. Asubuhi humbeba Eliezeri mgongoni kwa kanga, akamweka kwenye ukingo wa mfereji mahali penye kivuli. Si mzito. Wapita njia humsalimu, naye huitikia. Sadock humsifu mbele za watu: tangu mdogo wake awekwe pale, anasema, hakuna mwizi aliyethubutu kuligusa shamba lake.