Katikati ya Kisulisuli

Mama yangu alikuwa na miadi na upepo, na mimi nilikuwa nimechoka kumshindania mama na upepo.

Kwetu ni Songwa. Pamba ikishavunwa, ardhi hubaki wazi mpaka macho yanachoka kutazama. Kuanzia Agosti, jua likipanda, visulisuli huamka mashambani: nguzo za vumbi zinazozunguka na kutembea, nyingine kimo cha mtu, nyingine zinapita miti. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kwamba kisulisuli kikipita unakaa chini na kunyamaza, na zaidi ya yote humwiti mtu jina lake. Ukimwita, upepo unalidaka jina, na mwenye jina atalifuata.

Siku baba yangu, Jilala, alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu Mwakitolyo, kisulisuli kilikuwa kinakatiza mbele ya nyumba. Alikuwa ameshafika njiani mama alipoona tochi yake ya kichwani imebaki kwenye kigoda. Akajisahau. Akamwita kwa sauti, "Jilala!" Baba akageuka, lakini vumbi lilikuwa limeshaingia kati yao. Akapunga mkono, akaenda bila tochi. Nilikuwa darasa la nne. Tulisikia yupo Mwakitolyo, kisha tukasikia amefuata rashi, ule mkurupuko wa watu penye dhahabu mpya, huko Geita, kisha hatukusikia kitu. Hakuna kaburi, hakuna simu, hakuna hata mwanamke mwingine aliyejitokeza tukapata wa kumtukana.

Mimi nafanya kazi kwenye machimbo hayohayo. Ninarusha droni. Wenye maeneo huniita nipige picha vilima vya marudio, ule mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, wapate kujua ukubwa wake kabla ya kuuza. Kila nilipofika nilimuulizia Jilala wa Songwa. Wengi walinicheka, maana kule nusu ya watu wanaishi kwa majina ya kubuni. Kwa hiyo naelewa jinsi mtu anavyopotea. Anahama na rashi, simu inaibwa, anaona haya kurudi mikono mitupu, miaka inakatika. Au shimo linamfukia na wenzake hawajui kwao ni wapi. Hakuna upepo hapo.

Lakini nenda kamwambie mama.

Yeye alikuwa na hesabu yake. Jina lilichukuliwa na upepo, basi aliyeliita ndiye wa kulifuatilia. Kila kiangazi alibeba kigoda na ile tochi, akaenda kukaa katikati ya shamba jua la utosi, akingoja visulisuli. Nilimwomba ahamie kwangu Kahama. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, cha pili nimemwekea kitanda na neti, na kila jioni nilipita mbele ya mlango ule nikienda kupika ugali wa mtu mmoja. Nitasema wazi, chumba kile kilikuwa kinaniumiza. Nilikuwa nawasha redio ili nisikie watu wakizungumza ndani ya nyumba. Nilimtaka mama yangu, na yeye alinijibu vilevile kila mara, akiniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao: "Nikiondoka, mayu, nani atakuwa hapa?"

"Mama, ni upepo tu. Ardhi inapata moto, hewa inapanda, inaanza kuzunguka. Basi."

"Na katikati yake kuna nini?"

Sikujua. Hilo ndilo lililoniudhi.

Kiangazi cha mwaka jana, Salome, jirani yetu, akanipigia simu. Alikuwa amemkuta mama ameanguka shambani, midomo imepasuka kwa kiu. "Njoo umchukue," akasema. "Ukichelewa utakuja kuzika." Nikafunga droni kwenye begi, nikapanda basi. Safari nzima nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na mpango. Nitaingia ndani ya kitu hicho, nitampigia picha utupu wake, nitamwonyesha, kisha tutaondoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu. Umekonda."

"Kesho nitakuonyesha katikati ya kisulisuli."

"Hiyo ndege yako inaingia?"

"Inaingia."

Asubuhi nilimkuta ameoga, amejipaka mafuta, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilitaka kumwambia avue. Nikashindwa.

Shambani alikaa kwenye kigoda chake, tochi mapajani, mimi nikasimama nyuma yake na rimoti. Kisulisuli cha kwanza nilikiendea kwa ubavu, kikaitupa droni pembeni, ikayumba mpaka nikadhani nimeipoteza. Mama akacheka kidogo. "Hakipendi kubishiwa hodi hivyo," akasema. Nikaelewa kwamba pale ni pa kuingia kwa juu. Kilipoinuka kingine, kikubwa, niliipandisha droni mpaka juu ya kichwa chake, nikaanza kuishusha taratibu.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Kwa mbali unadhani ni nguzo moja ya vumbi, kumbe ni kamba nyembamba nyingi zinazosukana kama nywele, moja inafifia, nyingine inazaliwa kando yake, zote zikipanda. Kisha kamera ikapita katikati na droni ikaacha kutetemeka. Kule ndani kulikuwa shwari. Ukuta wa vumbi ulizunguka pande zote, na kati palikuwa peupe mpaka chini, kiduara cha ardhi kilichofagiliwa kama uwanja wa mtu msafi. Hapakuwa na kitu. Moyo wangu ulifurahi, nao ulifurahi vibaya, kama mtu aliyeshinda kesi.

Halafu kwenye skrini, ukingoni mwa kile kiduara, kikatokea kilemba.

Niliinua macho. Kigoda kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa amesimama katikati ya kisulisuli. Kitenge chake kilichezacheza kidogo tu. Alikuwa ameinyoosha tochi mbele yake, kama unavyomkabidhi mtu kitu alichosahau, na mdomo wake ulikuwa unasema. Droni hainasi sauti. Alisema, akanyamaza, akasema tena, kisha akacheka, kicheko cha mwili mzima ambacho sikuwa nimekiona tangu nikiwa mtoto. Nilimwangalia mama yangu kwa kutokea juu, akiwa na raha, mahali ambapo mimi sikuwapo. Nikauonea wivu upepo, bila hata haya.

Kisulisuli kilisogea, ukuta wa vumbi ukampitia, yeye akabaki palepale amejaa vumbi kope mpaka miguu. Akaja akikung'uta kitenge.

"Umemwona?"

Ningeweza kusema picha haikutoka. Nilijua atakachokiona. Lakini nilikifikiria kile chumba cha Kahama, nikabonyeza.

Tuliitazama tukiwa tumeinamia skrini, kilemba chake tumekitandaza kuwa kivuli. Akamwona mwanamke mzee, peke yake, akiunyooshea tochi uwazi na kuuchekea. Akaomba nirudishe nyuma. Pale kwenye kicheko aliweka kidole juu ya skrini, mbele ya yule mwanamke, akasugua kidogo, kama anafuta vumbi lililomziba mtu.

"Hayupo," akasema.

"Ni upepo tu, mama."

Aliifuta tochi kwa pindo la kitenge, akaiweka ndani ya mfuko wake. "Haya," akasema. "Twende Kahama."

Kwa hiyo nilishinda. Mama analala kwenye kitanda nilichomnunulia. Nikimpa chai anashukuru, nikimpa maji anashukuru, anashukuru kama mgeni ambaye hajui ataondoka lini. Hakai juani tena, na Salome akipiga simu ananisifu. Jioni tunakula wawili, na redio bado naiwasha.

Agosti mwaka huu, alasiri moja, kisulisuli kikaja na barabara ya mtaa wetu, kikiokota mifuko ya plastiki. Watoto wa jirani wakakaa chini wakanyamaza, hata wao walikuwa wamefundishwa. Mama alikuwa mlangoni anachagua mchele kwenye ungo.

"Mama, kisulisuli."

Hakuinua kichwa. "Ni upepo tu," akasema.

Niliyatambua yale maneno, na niliona aibu mpaka kichwa kikapata moto. Niliingia chumbani kwake, nikaitoa tochi chini ya kitanda, nikatoka mbio kama mwehu. Mchanga ulinichapa usoni, nikafumba macho nikatembea, kisha ukaacha. Nikafumbua. Palikuwa kimya, peupe, na ukuta wa vumbi umenifungia mtaa mzima nje. Nikainyoosha tochi. Nikamwita baba yangu kwa jina, jambo ambalo mtoto wa kwetu hafanyi, nikaita kwa nguvu ili asikie aliye mlangoni.

Upepo ulipopita, mama alikuwa ananitazama. Mikono yake imesimama juu ya ungo.

"Nilijua hajibu, mayu," akasema. "Nilidhani anasikia."

Nilikaa chini kando yake, vumbi likinidondoka kichwani. "Ulikuwa unamwambia nini siku ile? Ulipocheka?"

Aliokota kijiwe kimoja kwenye mchele, akakitupa.

"Habari zako," akasema. "Kwamba umekuja. Kwamba mtoto wake anarusha ndege."