Mwanya wa Baba

Meno ya baba niliyaacha Ijumaa juu ya meza yangu ya karakana, yamepangwa kwenye nta, mwanya wake katikati. Jumatatu niliyakuta yamebanana. Mtu alikuwa ameyasogeza yale mawili ya mbele hadi yakagusana, akailainisha nta kwa ustadi ambao mimi nilikuwa bado naufukuzia, kisha akayafunika kwa kitambaa safi ili nikifunua nifurahi. Wanafunzi wenzangu wakasogea na kuyasifu. Nilisimama pale na koti langu lililolowa mvua, nikiangalia meno ya baba wa mtu mwingine.

Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mwalimu wetu wa karakana, mzee mrefu, mkavu, hakuwahi kuonekana bila kipimo chake cha chuma kwenye mfuko wa koti jeupe. Nilimpa jina la Bwana Milimita, na mama alipolisikia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Katika nchi ile ya ugenini nilikokuwa nasoma, mtoto akiota meno yenye mwanya hupelekwa kwa daktari akafungwa nyaya, na mwanya ukishazibwa wazazi wanashusha pumzi. Aliona kosa la mwanafunzi wake, akalisahihisha siku yake ya mapumziko bila kuombwa na mtu.

Kwetu mwanya ni uzuri. Mama alipenda kusema mbele ya wageni, baba mwenyewe akiwa amekaa palepale, kwamba wachumba wenye vitu walikuwapo, na wenye maneno matamu walikuwapo, lakini mwenye mwanya alikuwa mmoja tu. Baba alikuwa fundi rangi. Alipanda ngazi na njiti ya kiberiti imebanwa kwenye mwanya ule, na kazi ikiisha aliitoa, akaitia mfukoni, akaanza kupiga mluzi. Mluzi wa kurudi nyumbani ulikuwa wa peke yake: mfupi, mfupi, halafu mrefu unaopanda mwishoni. Ukisikika kwenye kona ya mtaa, mimi ndiye niliyekimbia kufungua mlango. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Nilijitwalia tu, nikagombana na kaka zangu mpaka wakachoka wakaniachia. Baba aliingia na madoa ya rangi masikioni, akaniambia, "Ahsante, mama," maana jina langu ni la mama yake.

Kisha fizi zake zikaugua. Meno ya juu yalilegea moja baada ya jingine, mwisho akang'olewa yote. Alipoanza kwenda kazini tena, jioni ya kwanza, tulisikia mtu anabisha hodi. Nilipofungua nilimkuta yeye, amesimama mlangoni kwake mwenyewe kama mgeni, mkono mbele ya mdomo. Sote wawili tukaona haya.

Daktari alimweleza kwamba yapo meno ya bandia na hayachukui muda. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kupata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea kazi hiyohiyo ya kutengeneza meno, na baba akaishikilia habari hiyo kwa mikono miwili. "Nitavaa ya mwanangu," alisema. Mama akamsema, kaka zangu wakamsema, yeye akatia pamba masikioni. Akala vya kupondwa, akasubiri. Kabla sijasafiri yule daktari alichukua umbo la fizi zake kwa plasta inayoganda ngumu, nami nikalibeba kwenye begi la mkononi, nimelizungushia shati lake kuukuu la kazini ili lisivunjike.

Chumba changu cha ng'ambo kilikuwa juu ya duka la dobi. Ngazi zilinuka sabuni asubuhi hadi jioni, na ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa na joto kwa sababu ya mashine za chini. Majirani walikuwa watu wema na wakimya. Tulipishana ngazini kwa kutikisa vichwa, na kila aliyemtembelea mwenzake alikuja kwa miadi, saa aliyopangiwa. Mwanzoni niliona raha, nikasema huku ndiko kupumua. Baadaye nikaanza kutegea sikio kila kishindo kilichopanda ngazi. Nilikuwa na hamu ya mtu kuja bila sababu yoyote. Nilimkumbuka mama, niliwakumbuka hata kaka zangu na ubishi wao, lakini kilichoniuma hasa ni kwamba nilikuwa na mlango na sikuwa na wa kumfungulia.

Somo lililonikosesha usingizi lilihusu fizi. Tulifundishwa kwamba fizi isiyo na jino haikai ilivyo, inanywea polepole. Plasta yangu ilikuwa vilevile ndani ya shati, ila mdomo wa baba ulikuwa unabadilika huko nyumbani, naye anasubiri kwa moyo mkunjufu, hajui lolote. Nikichelewa, meno yangu yangecheza mdomoni mwake, na mwanamume yule angebaki na kiganja usoni maisha yake yote. Nilimwendea Bwana Milimita nikamsihi aniruhusu nianze. Akakataa. "Bila mdomo hatutengenezi," alisema, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya karakana: mwenye meno awepo, ajaribishiwe. Nikarudi tena, na tena, nikamganda kama kupe. Nilipomwambia kuna nesi wa kwetu anakwenda likizo, atayabeba, na daktari wa baba atayarekebisha palepale, akapumua kwa pua na kusema haya, jaribu.

Ndiyo maana Jumatatu ile, nilipoona mwanya hakuna, nilimfuata mpaka mezani kwake.

"Umeuziba," nilimwambia.

"Ndiyo." Alitabasamu. "Sasa yako sawa."

"Yako sawa, lakini siyo ya baba." Lugha yao ilikuwa bado inanipa taabu, maneno yalinijia nusunusu. "Sasa atapigaje mluzi?"

Katika karakana ile hakuna aliyepiga mluzi, wala aliyeimba, wala aliyeongea pasipo haja. Nilijua naonekana mtovu wa adabu, nikakaa hivyohivyo. Mwishowe Bwana Milimita akatoa kipimo chake mfukoni.

"Upana wake?"

Hapo nikakwama. Ule wa Ijumaa niliukadiria kwa macho tu. Plasta ilikuwa na fizi tupu. Picha za baba zote amefunga mdomo, kwa sababu rika lake lilipiga picha kama linakwenda mahakamani. Nikampigia mama.

"Upana wa mwanya?" mama alisema. "Mwanangu, mimi nilikuwa nautazama, sikuwa naupima." Akafikiri kidogo. "Njiti ya kiberiti ilikuwa inakaa. Akiongea haianguki, akitaka kuitoa haisumbui."

Kwa mbali nikamsikia baba, sauti yake ya siku zile, laini, isiyo na ncha: "Mwambie zile za kwetu, siyo zile nene."

Mji ule majiko yalijiwasha yenyewe. Nilizunguka madukani nikapata njiti ndefu za kuwashia kuni, nene, hazifai. Nilirudi chumbani nimechoka, nikakaa kitandani na plasta magotini, nikiwa karibu kulia. Mikono yangu ilikuwa inalikunja na kulikunjua lile shati la baba, na kitu kikanichoma kupitia kitambaa. Mfukoni mlikuwa na njiti, kichwa kimekatika, ina tone la rangi ya bluu, na katikati imebonyea mahali meno yalipoibana. Nililia basi, kwa sauti, na mashine za dobi zikanisitiri.

Bwana Milimita aliipokea kesho yake kwa vidole viwili. Aliipima mahali palipobonyea, akaipima tena, akakiangalia kipimo kama daktari anayesoma homa ya mtoto. Hakucheka. Aliwasha taa ya mezani, akavuta kiti chake akanipisha nikae mimi, na akanikabidhi kisu cha nta.

"Fungua wewe," alisema.

Leo nina karakana yangu mwenyewe. Mteja akija, kabla sijachukua kipimo chochote, namwuliza alikuwa anabana nini mdomoni na anacheka vipi akiwa na watu wake. Wengine hunishangaa.

Wakati ule, meno ya baba yalipokamilika, nesi aliondoka nayo kwenye kikopo chenye pamba iliyolowanishwa. Baada ya siku kadhaa simu ilipigwa, ilikuwa nyumba nzima. Yanabana kidogo kushoto, baba alisema, daktari amekwangua, sasa yametulia. Nilisikia herufi zake zimerudi na ncha zake. Nikamwomba apige mluzi. Akavuta pumzi, nikasikia upepo mtupu.

"Mdomo umezubaa," alisema. "Nipe muda."

Muda ukapita. Kila asubuhi Bwana Milimita aliinua nyusi na kugusa mdomo wake, nami nikatikisa kichwa, naye akarudi kazini. Nikaanza kuamini kwamba nilichelewa, kwamba meno yamefika lakini mluzi ulikwisha kuondoka. Sikumwuliza baba tena. Niliogopa kumlazimisha anidanganye.

Jumapili moja mchana nilikuwa nakunja nguo. Simu ikalia, nikaona ni yeye.

"Baba, shikamoo."

Hakuitikia. Nilidhani mtandao umekatika. Kisha ukaja: mfupi, mfupi, halafu mrefu, unakwaruza kidogo pale unapopanda.

Nguo zikaniponyoka. Kabla sijawaza lolote nilikuwa nimefika mlangoni, nimefungua. Ngazi zilikuwa tupu, zinanuka sabuni. Jirani wa juu alikuwa anashuka na mwavuli, akatikisa kichwa, akapita. Nikabaki nimesimama pale na simu sikioni, nimeshika komeo.

"Umefungua?" baba akauliza.

"Nimefungua."

"Ahsante, mama."