Mkalimani wa Jumamosi

Kila Jumamosi alasiri Mwanapili alikaa ukumbini kwake, kijijini Kibuyuni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akimngoja mwanawe Abdulwahab apige kutoka Uingereza. Kukaa ni namna ya kusema tu. Alikuwa akikaa, akiinuka, akienda kuchungulia sufuria jikoni, akirudi, akiisogeza simu penye mwangaza, kisha akiinuka tena. Alikuwa mkulima wa mwani, mtu wa kuinama majini na kukimbizana na maji kabla hayajajaa. Kutulia mbele ya kioo cha simu kulimtia wahka.

Zamani Abdulwahab alikuwa mchezeshaji wageni, wa kuwaburudisha kwa michezo, katika hoteli moja ya Diani. Huko ndiko alikokutana na Hana, mgeni wa Kiingereza, wakaoana, akamfuata kwao. Wakajaaliwa mtoto wa kike, wakampa jina la bibi yake: Pili. Kwa hiyo Mwanapili alikuwa na somo yake ng'ambo, mwenye umri wa miaka sita sasa, na wawili hao walikuwa hawajawahi kuelewana hata neno moja. Mtoto alijua Kiingereza peke yake, na bibi hakukijua kabisa. Katikati yao aliketi Abdulwahab, akifasiri.

Jumamosi moja Pili alizungumza sana. Alinyoosha mikono, akaonyesha kitu nyuma yake, akashusha sauti, akaipandisha, akamtazama bibi yake kama anayengoja jibu.

"Amesema nini?" Mwanapili akauliza.

"Anasema amekukumbuka, mama."

"Yote hayo?"

"Watoto, mama. Wanarefusha."

Baada ya simu ile Mwanapili hakutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Maneno yote yale yalikuwa yameingia kwa mwanawe, na yaliyotoka hayakujaa hata kiganja. Yaliyobaki yalikwenda wapi?

Chumba cha uani alikuwa amempangisha Philister, msichana wa Homa Bay aliyefanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni pale Shimoni. Alipomwona akitoka kazini, Mwanapili alimfuata hadi mlangoni.

"Filista, mwanangu, Kiingereza mtu hujifunza kwa muda gani?"

"Inategemea, mama. Unataka cha nini?"

"Cha kumsikia mtoto."

Philister alianza kucheka, kisha akauona uso wa mwenzake, akaacha. Akaichukua simu ya Mwanapili, akafungua tovuti moja ya hadithi za kuwafundisha watu Kiingereza. "Mimi pia hii ndiyo ilinisaidia nikitafuta job," akasema. Hadithi zilipangwa kwa ngazi. Ukigusa, sauti ya mwanamke husoma taratibu, na kila neno hubadilika rangi linapotamkwa. Mwisho wa hadithi kuna mazoezi: kuoanisha neno na picha, kuzipanga upya sentensi zilizovurugwa, kujirekodi na kujisikiliza.

Shuleni Mwanapili alikomea darasa la nne, lakini chuoni, kwa mwalimu wa dini, alihitimu Kurani yote. Basi Kiingereza nacho akakisoma kwa sauti, kwa kurudia, huku mwili ukiyumba. Hakuweza kusoma ameketi. Alitembea uani, simu mkononi, kuku wakimpisha, akisoma habari za ndege waliohama kiota na paka aliyelala kitandani kwa mwenyewe. Siku za maji mafu, ambazo shambani hakuendeki, alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri.

"Filista, hii K hapa mbele ya neno la kisu, mbona yule mama haisomi? Kazi yake nini?"

"Haina kazi, mama. Imekaa tu."

"Basi si waiondoe!"

Siku nyingine alikasirika, akaitupa simu kitandani na kuapa hatairudia tena. Akaenda kuchota maji. Alipotua ndoo alikuwa akinong'ona sentensi ileile iliyomshinda.

Miezi ikapita. Mwanapili hakumwambia mwanawe kitu. Mwenyewe hakujua kwa nini anaficha, ila kila Jumamosi alisikiliza zaidi na kusema kidogo. Alianza kuona mambo ambayo awali hakuyaona: Hana hakuwahi kupita nyuma, hata kwa salamu. Ukuta ulikuwa mweupe, mtupu, hauna picha.

Jumamosi iliyobadilisha mambo, Pili alikuwa akichora na hakutaka kusumbuliwa. Baba yake akamhimiza amsalimu bibi. Mtoto akanung'unika, na Mwanapili akahisi maneno yakimjia mojamoja, kama watu awajuao katikati ya umati. Kitanda. Changu. Kwa mama. Hapa hapana.

"Anasema amechoka," Abdulwahab akafasiri.

Mwanapili akainuka, akakaa.

"Pili," akasema kwa Kiingereza, mara yake ya kwanza kukisema kwa mtu asiyekuwa Philister. "Kitanda chako kiko wapi?"

Kalamu ikaanguka. Mtoto akasogea mpaka uso wake ukajaa kioo kizima.

"Kwa mama," akajibu polepole, kama aliyefahamu kuwa bibi anahitaji polepole. "Hapa ni kwa baba. Hapa mimi nalala kwenye kochi."

"Mama hakai hapo?"

"Hapana. Tangu nilipokuwa na miaka minne."

Abdulwahab alikuwa ameganda. Kisha kiganja chake kikaja, kikafunika kioo, na simu ikakatika.

Jioni ulikuja ujumbe kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Mwanapili hakuujibu. Kesho yake bamvua likaanza, maji yakatoka mbali, akaenda shambani na wenzake kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Kila alichofunga kilifunguka. Twaiba, waliyepakana mashamba, alimtazama kwa muda, akamuuliza, "Bibi wee, leo unafunga au unafungua?" Mwanapili aliinama, akafunga tena, akili iko Uingereza kwenye kochi.

Siku ya nne Abdulwahab akapiga, bila picha.

"Shikamoo, mama."

Alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Nilitaka kukwambia."

"Miaka miwili ulitaka?"

"Mama, hapo nyumbani kila mtu anajua nimeoa Uingereza, niko vizuri. Ningesema nini?"

"Sikuulizi habari za kila mtu. Mtoto alikuwa akinieleza mambo yake, nami nachekacheka kama punguani. Atadhani bibi yake hamjali."

"Hilo sikulifikiria," Abdulwahab akasema.

"Nipe nambari ya Hana."

"Mama..."

"Nipe, Abdulwahab."

Akampa. Philister alijitolea kumpigia na kumzungumzia, lakini Mwanapili akakataa katakata. Mkalimani mmoja alikuwa amemtosha. Alijizoeza salamu uani, akaifupisha, akairefusha. Jumamosi ilipofika, simu ya mwanawe haikuja, wala Jumamosi iliyofuata, naye akadhani kijana amenuna. Jumapili, bamvua limerudi, saa ambazo kule ndiyo kwanza asubuhi, akabonyeza nambari ya Hana kabla hajajikataza.

Hana aliyetokea kwenye kioo alikuwa amekonda, na aliposikia Kiingereza kile cha kuungaunga alijishika mdomo. Akamwita Pili. Mwanapili akawatumia anwani ya tovuti, wakafungua hadithi moja, huku na kule, ya mbuzi aliyeingia dukani. Bibi akasoma mstari, mjukuu akasoma unaofuata. Pili alikuwa mwalimu mkali. Alimrudisha bibi yake kwenye neno moja mara chungu nzima, mpaka wote wakashindwa kwa kicheko.

Ndipo Hana akaichukua simu, akaenda nayo chumba kingine, akasema jambo refu, haraka haraka. Mwanapili hakushika kitu.

"Polepole," akamwomba. "Sema tena."

Hana akarudia. Mara ya tatu yakaingia. Abdul yuko salama? Jumamosi mbili hakuja kumchukua mtoto. Hapokei simu. Kazini wanasema hayuko tena, wamemwachisha kazi.

Mwanapili alimshukuru, akaaga vibaya, akasahau hata kumwambia kwaheri Pili. Akapiga nambari ya mwanawe huku akizunguka ukumbi. Ikaita ikakatika. Akapiga tena. Nje wenzake walikuwa wamefika na kamba zao begani, maji yameshatoka, wakamwita kwa jina. Aliwapungia mkono waende. Akapiga tena, na safari hii ikapokewa, lakini upande wa pili hapakuwa na sauti, ila pumzi.

"Abdul," akasema. "Umekula?"

Mwanaume mzima akaanza kulia. Mwanapili alisimama katikati ya ukumbi, akamwacha alie. Kisha akamsikia akieleza, kwanza kwa vipandevipande, baadaye kwa mfululizo: ugomvi na Hana ulivyoanza, chumba cha kupanga, kazi ya ghala iliyokwisha, aibu ya kumtazama mtoto usoni tangu siku ile mtoto alipoulizwa habari za kitanda. Alizungumza mpaka maji yakaanza kurudi.

"Sijui kama nirudi nyumbani au nibaki, mama."

"Hilo hatulikati leo. Mpigie Hana, mtoto anakungoja. Kisha unipigie mimi."

Jioni ukaingia ujumbe wa Hana, mfupi, wa Kiingereza. Mwanapili aliusoma kwa kutembea, kutoka mlangoni hadi jikoni, akarudi akausoma tena kuhakikisha. Abdul amepiga, ulisema. Jumamosi atakuja.

Abdulwahab mwenyewe alikuwa bado hajampigia. Mwanapili akaitia simu chaji, akaenda kusimama uani, akarudi kuitazama.